Amri Niliyomtungia Bibi

Mwaka 1975 nilikuwa darasa la tano katika shule ya kijiji chetu, karibu na Ikungi. Niliishi na bibi yangu mzaa baba, Anastazia. Baba alikuwa na kazi ya reli kule Itigi, na mama alikuwa naye huko pamoja na wadogo zangu. Watu wazima walisema mimi, Dorkas, nimebaki kijijini ili nimtunze bibi. Ukweli ni kwamba bibi ndiye aliyekuwa akinitunza mimi.

Kila asubuhi, mimi nikiwa bado nimejifunika shuka hadi masikioni, bibi alikuwa ameshapiga magoti mbele ya jiwe lake akisaga uwele. Akimaliza alichukua mtungi, akateremka kisimani bondeni, akapanda nao kichwani bila kupumzika njiani. Hakujua mwaka aliozaliwa, lakini aliikumbuka vita ya Wajerumani na Waingereza, wakati ambapo alikuwa binti mdogo wa kuchunga mbuzi. Baba alipopiga hesabu aliona anakaribia miaka sabini.

"Shikamoo, bibi," nilimwamkia huku nikifikicha macho.

"Marahaba, mke mwenzangu. Leo tena jua limekuwahi?"

Alinitania hivyo kila siku wala hakukasirika. Nilikunywa uji ulioiva tayari, nikachukua madaftari na jembe langu la shule, nikaondoka. Naye alichukua jembe lake, akaenda kupalilia shamba la kijiji pamoja na kina mama wengine. Sitajitetea. Nilikuwa mvivu wa asubuhi, na nilijua.

Siku moja ya mwezi wa Februari, katika kipindi cha siasa, Mwalimu Ezekieli alitufundisha habari za unyonyaji. Wakati ule neno hilo lilikuwa midomoni mwa kila mtu. Mwalimu alichora ubaoni kupe mnene aliyemganda ng'ombe.

"Mtu anayekula jasho la mwenzake, naye anao uwezo wa kufanya kazi, huyo tunamwita kupe," alisema. "Nani atanipa mfano?"

Philipo, aliyekaa nyuma yangu, alinyoosha mkono. "Dorkas, mwalimu. Bibi yake anamsagia, anamtekea maji, anamlimia. Yeye anaamkia uji tu."

Darasa zima lilicheka. Mwalimu Ezekieli aligonga meza. "Nyamazeni. Wazee wametulea, sasa ni zamu yetu kuwasaidia. Wote mmesikia? Dorkas, keti."

Sikujua hata kwamba nimesimama. Uso ulinichoma, nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Wakati wa mapumziko wasichana waliokuwa wakiruka kamba waliniita kupe. Kesho yake waliniita hivyo tena, na keshokutwa yake hata watoto wa darasa la pili walikuwa wameshajifunza.

Mtu mwenye akili angeamka mapema, akachukua mtungi. Jambo lilikuwa rahisi namna hiyo. Lakini mimi sikufikiria kazi, nilifikiria macho ya watu. Nilichotaka ni kwamba bibi asionekane tena akipanda kutoka bondeni na mtungi kichwani.

Jioni ya siku ya tatu bibi alikuwa ameketi nje akipepeta kunde. Nilisimama mbele yake, nikasema maneno niliyoyapanga njia nzima.

"Bibi, mwenyekiti wa kijiji ametoa amri. Tumetangaziwa shuleni. Wazee wote wapumzike, wasishike jembe."

Ungo ulisimama mikononi mwake. "Hata kusaga?"

"Hata kusaga."

"Na maji?"

"Hata maji. Kazi zote zitafanywa na sisi vijana."

Alifikiri kidogo. "Na mzee akikaidi?"

Hilo sikuwa nimelipanga. "Ataitwa ofisini," nilisema.

Ningejua neno hilo lingefanya nini, ningejing'ata ulimi. Mwaka uliotangulia ilikuwa imetangazwa kwamba watu wote wahamie kijijini. Bibi aliacha tembe, nyumba ya paa bapa la udongo waliyoijenga yeye na babu, akaacha na kaburi la babu, akaja kuishi kwenye mstari wa nyumba zilizopangwa kwa kamba. Kwake amri ilikuwa amri, haikuwa na mjadala.

"Serikali ikishasema, imesema," alijibu, akaweka ungo chini.

Miezi ile ya kwanza nilijivuna. Niliamka mapema, nikateka maji, nikasaga. Shambani nilipalilia sehemu ya bibi baada ya masomo. Watu walinisifu. "Mjukuu wa Anastazia ana adabu," walisema, nami nilijifanya sisikii huku masikio yamesimama. Neno kupe lilikufa shuleni. Bibi alikaa kwenye kigoda chake mlangoni, mikono mapajani, akitazama watu wakienda shambani na kurudi.

Wazee wenzake wawili walipopita na kumuuliza kulikoni, aliwaeleza habari ya amri. Sikuona ubaya wowote katika hilo, maana nilikuwa nimelewa sifa.

Mwezi wa Aprili niliona kwamba anapoinuka anashika mwimo wa mlango. Mwezi wa Mei, wakati wa kuvuna, alishindwa kukamua kanga yake mwenyewe, maji yakabaki yakichuruzika. Kibuyu cha maziwa kilimponyoka. Aliacha kwenda kanisani Jumapili kwa sababu njia ilikuwa na kilima, kisha akaacha hata kwenda kuwasalimu majirani. Vitu alivyoweza kuvifikia kwa kunyoosha mkono aliniomba nimpe. Miguu yake, ambayo zamani ilijaa, ilianza kucheza ndani ya viatu vyake vya matairi.

"Uzee umemwingia," majirani walisema. Nami nilisema hivyohivyo. Maneno hayo yalinifaa sana, kwa sababu uzee hauna wa kulaumiwa.

Jioni moja nilimwekea ugali na mlenda, naye hakunawa.

"Mwalimu wenu anasema nini juu ya mtu anayekula asicholima?" aliniuliza. "Mbona mimi sasa ndiye kupe, Dorkas? Nakula, nalala, nakula. Naona haya hata kunyoosha mkono kwenye sahani."

Neno lilinifika kooni. Kulikuwa na nafasi ya kulisema, tulikuwa wawili tu na jua lilikuwa bado halijazama. Nilimwambia, "Kula, bibi, ugali unapoa." Hiyo ndiyo jioni ninayoionea haya zaidi, kuliko hata ile ya uongo wenyewe.

Mwezi wa Julai nilirudi kutoka shule nikamkuta chini, nje ya mlango. Alikuwa amekwenda chooni asubuhi, na aliporudi miguu ilimwisha nguvu akaketi chini bila kutaka. Hakuvunjika wala hakuumia. Alishindwa tu kuinuka. Alijaribu kwa mikono, alijaribu kushika ukuta, akakaa pale juani tangu saa nne hadi saa tisa. Kanga yake ilikuwa imelowa, na haikuwa kwa maji.

"Usimwite mtu," alisema bila kunitazama. "Ninyanyue wewe."

Nilijaribu. Sikuweza. Nilijaribu tena, nikaanza kulia. Wakati huo Philipo alikuwa akipita na mbuzi wao. Alituona, akasimama, kisha akaingia uani bila kuuliza. Alivua shati lake, akamfunika bibi mapajani, akamshika kwapa moja nami nikashika jingine. Tulimwingiza ndani. Nilimsubiri aseme neno, naye alitazama chini tu. Mpaka leo sijasikia kwamba alimwambia mtu kuhusu kanga ile.

Asubuhi yake Mwenyekiti Mughwai alileta mkokoteni wa ng'ombe, tukampeleka bibi kwenye zahanati. Mganga msaidizi alikuwa Bwana Melkizedeki, mtu mfupi mwenye miwani, aliyewahi kufanya kazi miaka mingi katika hospitali ya Kiomboi. Alimpima bibi homa, akamsikiliza moyo, akamminya mifupa ya kiuno na magoti. Kisha akamketisha kwenye benchi.

"Mama, kunja mikono kifuani, usimame bila kushika kitu."

Bibi aliinama mbele, akajikaza mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Hakunyanyuka hata kidogo.

"Moyo ni mzuri, na homa hakuna," alisema Bwana Melkizedeki, akionekana kushangaa. "Mama, kabla ya hapa ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Kazi zote," bibi alijibu. "Kusaga, kuteka maji, kulima. Tangu ilipotoka amri ya mwenyekiti, mwezi wa Februari, nimekaa tu."

Mzee Mughwai aligeuka. "Amri gani, mama?"

"Ile ya wazee wasifanye kazi."

"Mimi sijatoa amri kama hiyo. Nilipoona huji shambani nilidhani uzee umekuzidi, na nakiri kwamba sikuja kuuliza."

Bibi alinitazama. Hakunitazama muda mrefu, lakini niliona kwamba ameelewa kila kitu, tangu kunde za Februari. Nilingoja aseme. Badala yake alinishika mkono, akamgeukia mwenyekiti.

"Basi labda nilisikia vibaya, mwanangu. Masikio nayo yanazeeka."

Ningeweza kunyamaza hapo. Mlango ulikuwa umefunguliwa, na aliyeufungua ni mtu yule yule niliyemharibu. Nilihisi vidole vyake vyembamba vikinishika, havikuwa na nguvu ya kumshika hata kifaranga, na bado vilikuwa vinanilinda. Sikuweza kuvumilia.

"Hakusikia vibaya," nilisema. "Ni mimi. Niliitunga amri ile mwenyewe. Waliniita kupe shuleni, nikaona haya watu wakimwona bibi na mtungi."

Nilitarajia kupigwa. Ningependelea kupigwa. Mzee Mughwai alivua kofia yake, akaitazama ndani kana kwamba kuna kitu kimeandikwa.

"Umetumia jina langu kumkalisha mzee chini," alisema taratibu. "Nani mwingine aliambiwa habari hii?"

"Niliwaambia Theresia, na Alute wa nyumba ya mwisho," bibi alijibu kwa sauti ndogo.

"Basi Dorkas atakwenda kwa kila mmoja aifute kwa mdomo wake. Sitamtuma mtu mwingine."

Bwana Melkizedeki alivuta kiti akakaa mbele yetu. "Sikilizeni, maana hili si kosa la mtoto peke yake. Watu wengi tunalifanya tukidhani ni heshima. Hapa pajani na hapa kwenye shavu la mguu kuna misuli, yaani nyama inayovuta mifupa ili mtu ainuke na kutembea. Mtu akizeeka misuli hiyo hupungua. Kila mwaka inaondoka kidogo, hakuna dawa ya kuizuia kabisa. Lakini kwa mtu anayeitumia inaondoka polepole. Kwa anayekaa tu inaondoka haraka mno. Pale Kiomboi nimeona vijana wa kubeba magunia, wamelazwa majuma matatu tu kitandani, wakitoka miguu imekonda. Ikiwa kijana anakuwa hivyo, mzee aliyekaa miezi mitano atakuwaje?"

"Basi imekwisha kwenda," bibi alisema.

"Hapana, mama. Misuli ya mzee ikipewa kazi inarudi. Hairudi upesi kama ya kijana, lakini inarudi." Akahesabu kwa vidole vyake. "Mtamtafutia kiti kirefu, ainuke na kuketi mara tano asubuhi na mara tano jioni. Akizoea, mtampa kilicho kifupi zaidi. Atembee kila siku, leo mpaka kwenye uzio, kesho mbele kidogo. Abebe kitu chepesi, kisha kizito kidogo. Na ale kunde, karanga na maziwa, siyo ugali peke yake. Akichoka apumzike, na akisikia maumivu makali aache, mje mniambie."

Siku ileile, kabla moyo haujapoa, nilikwenda kwa Bibi Theresia. Nilimkuta juu ya paa la tembe yake akianika mtama. Nilimwamkia, nikamweleza uongo wangu nikiwa nimeinua uso juu na jua likinipiga machoni. Alicheka.

"Amri ile niliisikia, mjukuu wangu. Lakini nani angenisagia? Sina mtu. Nikasema wakinikamata watanikuta nafanya kazi." Akashuka ngazi, kapu mkononi, bila kushika pembeni. Bibi Theresia alikuwa mkubwa kuliko bibi yangu kwa miaka kadhaa. Niliitazama miguu yake ikishuka, ngazi baada ya ngazi, nikashindwa hata kuaga vizuri.

Mzee Alute hakuwa rahisi. Alikuwa ameegemea ukuta wa nyumba yake, nyumba ya mwisho kabisa kwenye mstari wetu, akinusa ugoro. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimengoja maisha yangu yote nipate amri nzuri," alisema. "Sasa imekuja, na mtoto wa shule anataka kuifuta? Aliyeniambia ni Anastazia. Aje Anastazia mwenyewe aseme siyo kweli."

Nilirudi nikiwa nimeinamisha kichwa. Nilimwambia bibi kwamba mwenyekiti atatupa tena mkokoteni, twende mara moja. Bibi alikataa.

"Nikienda nimebebwa nitamwambia nini? Nimwambie ainuke, na mimi nimeletwa kama gunia? Nitakwenda kwa miguu. Na usichelewe kuniandalia hicho kiti, kila siku tunayopoteza Alute anakaa."

Tulipindua kinu, nikatandika gunia juu yake, kikawa kiti chetu kirefu. Bibi alitaka mlango ufungwe ili watu wasimwone. Siku ya kwanza aliinuka mara mbili, ya tatu ikamshinda. Aliona haya, na mimi niliona haya zaidi, tukawa tunakwepana macho kama wageni. Siku ya nne alifika tano. Baada ya wiki mbili tuliacha kinu, tukatumia ndoo iliyofunikwa ubao, kisha kigoda. Magoti yalimuuma, akalalamika, akanitukana kidogo kwa lugha yetu ya Kinyaturu, kisha akaendelea. Nilimwekea maji nusu kibuyu akabeba kutoka mlangoni hadi kwenye uzio na kurudi.

Philipo alikuja mara nyingi na maziwa kutoka kwa mama yake. Siku moja alibaki amesimama.

"Sikusema lile neno ili haya yatokee," alisema.

"Najua," nilimjibu. "Ulisema kweli. Mimi ndiye niliyejibu kwa uongo."

Nisiwadanganye tena kwa kusema kwamba bibi alirudi kuwa kama zamani. Mtungi mkubwa hakuubeba tena maisha yake yote, na kilima cha kanisani alikipanda kwa fimbo. Lakini katikati ya Septemba, Jumamosi asubuhi, alifunga kanga yake vizuri, akasema, "Twende kwa Alute."

Ilikuwa mwendo wa nyumba kumi na moja. Tulipumzika kwenye ya nne na kwenye ya nane. Watu walitoka milangoni kumsalimu, na safari hii mlango wetu nao uliachwa wazi.

Mzee Alute alikuwa palepale ukutani. "Anastazia. Nani amekubeba?"

"Hakuna." Bibi aliketi kwenye kigoda kifupi alicholetewa na mkwe wa mzee. "Amri ile aliitunga mjukuu wangu, nami nikaisambaza. Mwenyekiti hajui lolote. Nimekaa miezi mitano nikamalizika. Sasa tazama." Akakunja mikono kifuani, akainama mbele, akasimama. Magoti yalitetemeka kidogo, lakini alisimama.

Mzee Alute alimtazama miguu. Kisha alisema, na sauti yake ya utani haikuwepo tena.

"Nilimwamini huyu mtoto tangu siku ile. Mtoto hatungi uongo wa kujifedhehesha. Lakini ningekubali, ingebidi nisimame mbele yake. Na mwenzako siwezi. Tangu Juni wananinyanyua wakwe zangu. Nitasema hivyo mbele ya watu, mimi Alute?"

Hapo ndipo nilipouona uongo wangu mzima. Nilikuwa nimewapa wazee wawili aibu yangu mimi, waibebe.

"Dorkas," bibi alisema, "waombe kinu cha hapa. Utakuja kumhesabia kila siku baada ya masomo."

Nilimhesabia Mzee Alute mpaka mvua za Novemba, na siku ya kwanza nilisikia maneno mengi ya Kinyaturu ambayo bibi hakuwahi kunifundisha.

Tuliporudi Jumamosi ile bibi alizungumza nami njiani, tukitembea polepole.

"Uliona haya, ukanificha. Siku nyingine ukiona haya kwa sababu ya kazi ninayofanya, njoo tuifanye wote, usininyang'anye. Mzee akichoka atakuambia kwamba amechoka. Akiweza, mwache afanye kwa kadiri yake, maana nguvu aliyobakiwa nayo iko humo. Na uongo, hata ukiuvalisha heshima, ni uongo. Nilikuwa na mdomo, Dorkas. Ungeniuliza."

"Nisamehe, bibi."

"Nilikusamehe kule zahanati. Ningekuwa sijakusamehe nisingekufichia."

Mbele yetu palikuwa na mfereji wa maji ya mvua, mkavu, wenye kingo za kubomoka. Nilinyoosha mkono haraka nimshike kiwiko. Kisha nikaurudisha.

"Nikushike, bibi?"

Aliutazama mfereji, akapima kwa macho. "Bado," alisema. "Nitakuambia."

Akavuka.